MAARIFA YA NYUMBANI: Waya wa Spika na Fedha za Kahawa

Juma hili nimepokea barua ya mkulima mmoja wa upande wa Kirinyaga, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa hakunipa ruhusa. Asema ya kwamba alipolipwa fedha za kahawa alinunua amplifaya moja na spika mbili nzuri zilizokwisha kutumika, ili yeye na jamaa yake wapate kusikiliza kwaya na habari za ulimwengu jioni wakiisha kula. Vyombo vyenyewe ni vizima. Lakini mwenye duka alimwambia kwamba vyombo hivyo havitasema vizuri mpaka viungwe kwa waya wa namna ya pekee, uliovikwa kitambaa cha kusukwa na kutiwa ncha za dhahabu, na bei ya jozi moja ya waya huo ilizidi bei ya amplifaya. Bwana huyu auliza: Je, maneno hayo ni kweli? Anunue waya huo, au fedha aziweke kwa karo ya binti yake muhula ujao?

Nimelichagua swali hili kwa sababu si la mtu mmoja. Siku hizi nyumba nyingi za mashambani zina umeme, na mtu akipita Luthuli Avenue mjini Nairobi ataona maduka yaliyojaa vyombo vya sauti toka sakafuni hata darini. Mwenye kuuza ana maneno mengi. Mwenye kununua, kama hana maarifa ya jambo lenyewe, ama hukubali yote ama hukataa yote, na njia zote mbili zaweza kumtia hasarani. Maana jibu la kweli, wasomaji, lina pande mbili. Waya waweza kuiharibu sauti, tena waweza kuiharibu sana. Lakini waya ukiisha kutosha kwa kazi yake, fedha zinazoongezwa juu yake hazifiki masikioni. Basi shabaha yetu leo ni kuujua mpaka huo ulipo.

Kwanza tufahamu waya wafanya kazi gani. Amplifaya hupokea umeme mdogo kutoka katika redio, santuri au simu, ikaukuza. Umeme huo uliokuzwa hupita katika waya hata kwenye spika, na ndani ya spika mna koili iliyo karibu na sumaku. Umeme ukienda mbele na nyuma, koili nayo husogea mbele na nyuma, huku ikiisukuma koni ya karatasi, na koni huisukuma hewa. Sauti nene kabisa tunayoweza kuisikia huitikisa koni mara 20 hivi kwa sekunde. Nyembamba kabisa, mara 20,000, ingawa mtu aliyepita umri wa miaka arobaini kwa kawaida haisikii tena hiyo ya mwisho.

Sasa, kila waya huuzuia umeme kidogo. Mafundi hukiita kizuizi hicho ukinzani, nacho hupimwa kwa omu. Mkulima wa mpunga wa Mwea hana haja ya kufundishwa jambo hili, maana ajua kwamba maji yakipita katika mfereji mrefu na mwembamba hufika shambani machache kuliko yale yapitayo katika mfereji mfupi na mpana. Vivyo hivyo waya. Ukiwa mrefu, ukinzani huongezeka. Ukiwa mwembamba, huongezeka. Na madini mengine huzuia kuliko mengine. Shaba safi yenye unene wa milimita moja ya mraba ina ukinzani wa omu 0.017 hivi kwa kila mita. Tena msisahau ya kwamba umeme huenda na kurudi, kwa hiyo spika iliyo mbali mita 10 ina mita 20 za shaba za kupitia.

Tufanye hesabu. Tuseme spika iko mita 10 kutoka kwenye amplifaya. Ukitumia waya mwembamba kama ule wa kengele ya mlangoni, wa milimita za mraba 0.5, ukinzani wote ni omu 0.7 hivi. Ukitumia wa milimita za mraba 1.5, ni omu 0.23. Wa 2.5 ni omu 0.14 tu. Spika nyingi za nyumbani huandikwa omu 8 nyuma yake, na nyingine omu 4 au 6. Kwa spika ya omu 8, ule waya wa kengele waipunguza sauti kwa kadiri ya saba katika kumi ya desibeli, jambo ambalo ni dogo, wala si bure. Kwa spika ya omu 4 upungufu wapita desibeli moja.

Pengine msomaji atasema, “Nitaongeza sauti kidogo kwa kifundo, mambo yaishe.” Si hivyo tu. Namba ya omu iliyoandikwa nyuma ya spika ni wastani. Kwa kweli spika yenyewe hubadilika kwa kila sauti: pengine huwa omu 5 kwa sauti fulani, na omu 30 kwa nyingine. Waya mwembamba utazila zaidi zile sauti ambazo spika ina omu chache, na zile nyingine utaziacha zipite karibu zote. Hivyo uwiano wa kwaya wabadilika: labda sauti ya pili yarudi nyuma kidogo, labda besi yavimba mahali pamoja. Hapo ndipo waya wageuka kuwa kitu cha kusikika, na mtu asemaye kwamba nyaya zote ni sawa daima amekosea.

Lakini tazama jinsi tatizo hili linavyotibiwa kwa urahisi. Bwana Roger Russell, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya McIntosh ya Marekani kwa miaka mingi, aliandika maelezo marefu juu ya waya wa spika, na kanuni aliyoifuata ni hii: ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Kwa spika ya omu 8, asilimia 5 ni omu 0.4. Basi waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 watosha mpaka mita 8 hivi, wa 1.5 watosha mpaka mita 17. Na wa 2.5 mpaka mita 29. Kama spika ni ya omu 4, gawanya urefu huo kwa mbili. Ni nyumba ngapi kwetu ambazo sebule yake yafika mita 17? Waya wa milimita za mraba 1.5 au 2.5 wauzwa kwa mita katika kila duka la vifaa vya umeme, nao hauna kitambaa cha kusukwa wala sanduku la mahameli.

Hapa sina budi kutoa onyo moja, maana hila iliyopo katika waya wa bei rahisi ni kubwa kuliko ile ya waya wa bei ghali, na huwapata watu wengi zaidi. Ziko nyaya zinazouzwa kwa rangi ya shaba ambazo si shaba. Ndani ni alumini, na juu yake imepakwa ngozi nyembamba ya shaba. Alumini hupitisha umeme vizuri, walakini si kama shaba. Waya wa namna hiyo hupitisha theluthi mbili hivi tu ya umeme ambao waya wa shaba wa unene ule ule ungeupitisha. Si sumu, wala si haramu kwa spika, mradi mnunuzi ajue anachokinunua na achukue ulio mnene zaidi. Ubaya ni kulipa bei ya shaba na kupewa alumini. Njia ya kuutambua ni rahisi. Chukua kisu, ukwangue ncha ya uzi mmoja. Ikitokea rangi nyeupe kama ya sufuria, ni alumini. Ikiwa nyekundu hata ndani, ni shaba. Tena pima uzito mkononi, kwa sababu shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini. Roli la waya mnene lililo jepesi kama kamba ya katani lina neno ndani yake. Mwenye duka akikataa usikwangue, umekwisha pata jibu lako.

Sasa tuyaangalie maneno ya wenye kuuza nyaya za thamani. Husemwa kwamba sauti nyembamba hupita juu juu ya ngozi ya waya tu, kwa hiyo lazima waya uwe wa namna ya ajabu. Jambo hili lina chembe ya kweli, ndiyo maana lapendwa. Umeme unaotikisika upesi hukimbilia kweli upande wa nje wa waya. Walakini kwa mitikisiko 20,000 kwa sekunde, ambayo ndiyo mwisho wa sikio la binadamu, umeme bado huingia ndani ya shaba karibu nusu milimita, na waya wa milimita za mraba 2.5 una upana wa milimita 1.8 tu toka upande hata upande. Sehemu isiyotumika vizuri ni ndogo, na hasara yake yafunikwa na omu 8 za spika. Wahandisi wa mitambo ya kurushia redio hawana budi kulifikiria jambo hili. Mkulima wa Kirinyaga hana haja nalo.

Husemwa pia kwamba nyaya mbili lazima zilingane urefu, ama sivyo sauti ya kushoto itafika kabla ya sauti ya kulia. Tuhesabu tena. Hata tukisema ishara ya umeme huenda kilomita 200,000 tu kwa sekunde, tofauti ya mita moja ya waya yachelewesha ishara kwa sehemu tano za sekunde iliyogawanywa mara milioni elfu moja. Katika muda huo sauti yenyewe, ambayo huenda mita 343 kwa sekunde hewani, haijasogea hata unene wa unywele. Mtu akigeuza shingo kumtazama mgeni aingiaye mlangoni amebadilisha mambo maelfu ya mara zaidi ya hayo. Sababu moja njema ya kulinganisha nyaya ni kwamba ukihamisha spika kesho hutahitaji kuunga kiraka.

Tena ziko nyaya zenye mishale, kana kwamba umeme wa sauti waenda upande mmoja kama maji ya mto. Tumekwisha ona kwamba huenda mbele na nyuma maelfu ya mara kwa sekunde. (Katika kebo nyingine ndogo za kuungia vyombo mshale una maana, kwa sababu kivazi cha waya kimeungwa upande mmoja tu ili kuzuia mvumo, lakini hiyo ni habari nyingine.) Ama kuhusu ncha za dhahabu, hizi sizicheki. Dhahabu haifanyi sauti kuwa tamu, ila haipati kutu. Ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wajua jinsi upepo wa chumvi unavyoitia shaba kutu ya kijani, na kiungo chenye kutu hukwaruza na kukatika katika. Kwao, dhahabu kidogo kwenye ncha yafaa, na tabaka jembamba la dhahabu si kitu cha gharama kubwa. Asiyekuwa nayo aweza kukata ncha iliyooza kila baada ya miaka michache na kuanza kwenye shaba mpya.

Wengine watauliza: Mbona watu wenye elimu zao husema wameisikia tofauti? Sidhani kwamba wote ni waongo. Sikio ni kiungo cha ajabu, nalo hufanya kazi pamoja na macho, na pamoja na kumbukumbu ya bei iliyolipwa. Pia sauti iliyo kubwa kidogo tu, hata isipotambulikana kuwa ni kubwa, huonekana kuwa nzuri zaidi. Mwaka 1983 gazeti la Stereo Review la Marekani lilichapisha habari ya jaribio ambalo wasikilizaji walilinganisha waya mnene wa bei ghali, waya wa kawaida, na waya mwembamba sana, bila kuonyeshwa upi unaotumika. Waya mwembamba sana ulijulikana walipopigiwa kelele ya mvumo kama ya mvua juu ya mabati, na sababu yake ilikuwa ukinzani ule ule tuliouhesabu. Walipopigiwa nyimbo za kwaya, hawakuweza kuzitofautisha nyaya hizo.

Habari nyingine ilitokea mwaka 2007. Bwana James Randi, aliyejulikana kwa kufichua mazingaombwe, alitangaza kwamba atatoa dola milioni moja za Marekani kwa mtu atakayeweza kutambua kwa masikio tu tofauti kati ya waya mzuri wa kawaida na waya wa kampuni ya Pear Cable, ambao jozi yake ya urefu wa futi 12 iliuzwa kwa dola 7,250. Habari hiyo ilienea sana, na hata leo watu huitaja kama kwamba jambo lilithibitishwa. Kwa haki, lazima tuseme kwamba jaribio lenyewe halikufanyika. Kwa hiyo halithibitishi kitu, upande huu wala ule. Mimi napenda zaidi jaribio ambalo msomaji aweza kulifanya mwenyewe nyumbani mwake.

Lafanyika hivi. Azima waya wa ghali kwa rafiki, au dukani kama mwenye duka ajiamini. Mtume mtoto mwenye akili, wa darasa la sita au la saba, akae nyuma ya pazia pamoja na amplifaya. Kila mara arushe shilingi juu: ikianguka upande wa kichwa aunge waya wa ghali, upande wa pili aunge wa kawaida, na aandike katika daftari bila kusema neno. Amplifaya izimwe kila mara kabla ya kugusa waya, na kifundo cha sauti kisisogezwe. Wewe sikiliza wimbo ule ule, ukaandike katika daftari lako ni waya gani. Mfanye mara 16. Kwa kubahatisha tu mtu hupata 8 hivi. Ukipata 13 au zaidi, basi umesikia kitu, ukapime nyaya zako ujue ni kwa nini. Ukipata 7, 8 au 9, mpe mtoto soda na urudishe waya wa watu.

Nisije nikadhaniwa kwamba nazidharau kebo zote. Yako mahali ambapo kebo yasema kweli, na si pale mwenye duka anapoonyesha kidole. Mmoja ni kwenye santuri. Sindano ya santuri ya namna ya sumaku hutoa umeme mdogo mno, na kebo itokayo kwenye gramafoni mpaka kwenye amplifaya huhifadhi umeme kidogo kati ya waya wa ndani na kivazi chake. Tabia hii huitwa kapasitansi. Ikizidi kipimo alichotaka mtengenezaji wa sindano, sauti nyembamba hubadilika, zikawa kali mahali pamoja na kufifia mahali pengine. Kwa hiyo kebo ya santuri iwe fupi, na mwenye kupenda usahihi asome karatasi iliyokuja na sindano, maana kipimo chake huandikwa pale. Vivyo hivyo chombo cha kizamani chenye ukinzani mkubwa wa kutolea, tuseme omu 10,000, kikiungwa kwa kebo ya mita 10 yenye kapasitansi ya pikofaradi 100 kwa mita, kitaanza kupoteza sauti zilizo juu ya mitikisiko 16,000 hivi. Chombo cha siku hizi chenye omu 1,000 au chini ya hapo hakina shida hiyo.

Mahali pengine ni katika makanisa na majumba ya mikutano, ambapo maikrofoni iko mbali mita 20 au 30 na mitambo. Hapo waya mmoja wenye kivazi hautoshi, utaokota mvumo wa taa na hata redio ya jirani. Yatakiwa kebo ya nyaya mbili zilizosokotwa ndani ya kivazi, yenye plagi ya pini tatu. Nyaya hizo mbili huchukua ishara zilizo kinyume, na mitambo hutoa tofauti yake, hivyo uchafu ulioingia katika zote mbili kwa usawa hufutika. Kamati ya kanisa inayotaka kuokoa fedha isiokolee hapo.

Ama zile kebo za siku hizi zinazopitisha namba, kama HDMI au nyuzi za mwanga, hazihitaji maneno mengi. Namba zikifika zimefika. Zisipofika vizuri, sauti hukatika au hunyamaza kabisa, na hata mtoto atajua.

Mvumo ni jambo ambalo sina budi kulisimamia kidogo, kwa kuwa laweza kuua mtu. Umeme wa Kenya ni volti 240, nao hutikisika mara 50 kwa sekunde. Vyombo viwili vikiungwa pamoja, kila kimoja kikiwa na waya wake wa ardhini kwenye soketi tofauti, hufanyika duara la waya, na duara hilo huleta mvumo mnene usiokoma katika spika. Mwenye kuuza nyaya atasema ununue kebo mpya. Fundi wa mtaani atasema ukate waya wa ardhini katika plagi, na kweli mvumo utakoma. Msikubali kamwe! Waya ule wa tatu, wenye rangi ya kijani na manjano, ndio unaomlinda mtu siku ile ambayo umeme utavuja ndani ya chombo ukashika sanduku la chuma. Ukikatwa, atakayeligusa sanduku hilo akiwa pekupeku juu ya sakafu ya saruji iliyomwagikiwa maji ndiye atakayekuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Na mara nyingi huyo ni mtoto. Dawa ya mvumo ni kuviunga vyombo vyote kwenye ubao mmoja wa soketi, na kuzitenga kebo za sauti na nyaya za umeme, au zikutane kwa kukingama kama msalaba. Mvumo ukishinda hayo, kipo chombo kidogo cha transfoma kinachowekwa katikati ya kebo ya sauti, wala hakigusi usalama wa mtu.

Nimepata kuona pia nyumba ambamo waya wa spika ulitiwa plagi ya ukutani kwa kuwa ndiyo iliyopatikana. Fikirini mgeni au mtoto akiichomeka mahali pake pa desturi! Plagi za ukutani ziwe kwa umeme wa ukutani tu.

Mwisho wa kazi ni kuunga vyema. Nyuzi za waya zisokotwe ncha yake, pasibaki hata unywele mmoja uliosimama kando, kwa sababu unywele huo ukigusa upande wa pili amplifaya yaweza kuungua. Kisha tazameni rangi. Upande mwekundu wa amplifaya uende kwenye upande mwekundu wa spika, na mweusi kwa mweusi, kwa spika zote mbili. Ikigeuzwa moja tu, koni moja itasukuma hewa wakati nyingine yaivuta. Besi itatoweka, na mwimbaji ambaye angesikika katikati ya chumba atasikika pande zote na mahali popote. Nathubutu kusema kwamba kosa hili la bure limeharibu sauti katika nyumba nyingi kuliko nyaya zote mbaya zilizopata kuuzwa.

Kama spika ni ya zamani na rangi zimefutika, izime amplifaya, ufungue waya upande wake, kisha chukua betri ndogo ya volti 1.5, kama ya tochi, uguse nayo ncha mbili za waya kwa nukta moja tu, huku mwenzako akiitazama koni kubwa. Koni ikiruka kwenda nje, ule waya uliogusa upande wa chuchu ya betri ndio mwekundu. Ikiingia ndani, ni kinyume. Tia alama kwa rangi ya kucha.

Basi, kwa yule bwana wa Kirinyaga: barua yako yasema spika ziko mita 4 kutoka kwenye amplifaya, nazo ni za omu 8. Nunua mita 10 za waya pacha wa shaba wa milimita za mraba 1.5, mita 5 kwa kila spika, ukazikwangue ncha mbele ya mwenye duka. Ukiupitisha waya darini, utie ndani ya bomba la plastiki kwa ajili ya panya. Ukinzani wake utakuwa omu 0.12 hivi kwa kila upande, nao ni chini ya theluthi moja ya kile tulichokiruhusu. Zitakazobaki peleka shuleni kwa binti yako kabla muhula haujafunguliwa.

Karani mmoja wa Kisumu ameuliza kama betri ya motokaa yafaa kuhifadhi umeme wa jua usiku kucha. Atajibiwa juma lijalo, nafasi ikipatikana.